Tulivuka Mpaka Alunguli Kuacha Lotoko

Nilitoka Kibombo kwa sababu muganga wa kituo cha afya alimwambia bwana yangu, Baba Mwajuma, kwamba ini lake limeharibika kwa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, na akiendelea kunywa atakufa. Bwana yangu alimshukuru sana, akampa mkono, kisha akapita kwa muuza lotoko kujipoza na habari hiyo. Muntu wa heshima zake! Nikasema basi, hata kama ni kumfunga kwenye moto, yaani pikipiki, kama mbuzi wa sikukuu, atafika Kindu. Nilisikia kule kuna kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe.

Asubuhi tulipanda moto, mwenye kuendesha mbele, bwana yangu katikati, mimi nyuma nikimkaba asianguke. Waliotengeneza barabara ile, kama wapo, Mungu awalipe sawasawa na kazi yao. Penye matope tulishuka tukasukuma. Bwana yangu alisukuma kwa mdomo.

Alasiri tulifika Kindu, kwa shemeji Amisi, kaka mkubwa wa bwana yangu, muntu wa msikiti. Nilipomweleza safari yetu alicheka mpaka akakohoa.

“Huyu njo mugonjwa? Ramazani nzima hagusi! Mulevi gani anafunga mwezi muzima?”

Ni kweli. Mwezi mtukufu bwana yangu ni malaika, na Idi ikifika malaika anaruka kwenda zake. Lakini nani atanisikiliza mimi? Shemeji mwenyewe hanywi hata tone, ila alituma chupa ya lotoko iletwe, eti mugeni wake hawezi kulala kavu, na ndugu yake akunywe ya kuiaga. Ya kuiaga! Nikaichukua mkononi mwa shemeji na kuimwaga uani. Kuku wakaja mbio, nikawafukuza nao.

Kesho yake nilimwambia kijana wa moto atupeleke kwa watu wanaosaidiana mambo ya pombe. Akatushusha mbele ya nganda, kilabu cha pombe, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Kwa kweli walikuwa wanasaidiana: mmoja anamimina, mwingine anamshika mwenzake asidondoke. Bwana yangu alisema mahali pale pamempendeza, tusisumbuke tena. Nikamvuta shati mpaka bandarini, na hapo muuza samaki akanielekeza: “Vukeni Alunguli, muulize Mama Vero. Alikuwa anapika lotoko, sasa anawatoa watu ndani yake.”

Kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto, bwana yangu aligeuka kutazama tulikotoka. “Turudi, Mama Mwajuma.”

“Ogelea,” nikamjibu.

Alunguli, kwa Mama Vero, watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wa msikiti na wa kanisa, wanaume kwa wanawake. Mama Vero, mjane mnene wa sauti ya taratibu, alimkaribisha bwana yangu kwa chai ya tangawizi na swali moja: “Baba, ulianza kunywa wapi?”

“Uliza wapi hakunywa!” nikadakia. Watu wakacheka. Mama Vero hakucheka.

“Mama, wacha aseme yeye.”

Bwana yangu akaweka kikombe chini. Kisha akasema: “Njia ya Punia. Wakati wa vita. Waaskari walitukamata mimi na mudogo wangu Juma, tubebe mizigo yao. Juma akashindwa kutembea. Wakaniambia: beba na ya kwake. Nikabeba. Nikamwacha pembeni ya njia, ananiita. Jioni wakatupa lotoko. Nikakunywa ili nisimusikie.”

Mimi niliambiwa Juma alikufa kwa homa porini. Mama yao aliingia kaburini akijua ni homa.

“Mulimufanyia matanga?” Mama Vero akauliza.

“Nani angefanya? Tulikuwa tunakimbia.”

Akainuka na kutandika mkeka mwingine katikati. Wengine wakavua viatu na kusogea, na wanawake wakafunga vitenge kiunoni. Ndivyo wanavyofanya pale: mwenye mufu wa vita ambaye hakuliliwa, wanakaa naye matanga, na chupa haiingii. Jamani, matanga bila pombe, huku kwetu Maniema! Mahali pengine ningeuliza kama watu hawa wanajua huzuni ni nini. Lakini walimlilia Juma, kijana ambaye hawakumjua, kwa jina lake, na bwana yangu akalala kifudifudi akalia kama mtoto. Nililia nami, na nilimkasirikia pia. Miaka yote hii ninamfanyia mzaha mbele ya majirani, naye ananyamaza tu!

Asubuhi nilivuka peke yangu. Yeye alibaki, Mama Vero alisema matanga hayakatwi katikati, na mpunga wangu shambani ulikuwa unaliwa na ndege. Njia nzima nilikuwa nikifikiri: nilijua chupa zake zote na mahali anapozificha, ila sikuwahi kumuuliza alichoulizwa na mjane yule kabla chai haijapoa.

Kibombo, sijashuka vizuri kwenye moto, jirani yangu Mama Asha akanikuta barabarani na ndoo yake kichwani, tayari anacheka.

“Mama Mwajuma! Mulevi wako umemutupa wapi? Ameacha?”

Siku zote alikuwa akipata kwangu jibu la kwenda kuchekea kisimani.

“Kama ataacha, sijui,” nikamwambia. “Yeye iko kwenye matanga ya mudogo wake.”

Mama Asha akatua ndoo, akavua viatu, akakaa chini pale pale vumbini. Nami nikakaa.