Majembe ya Kupungia Upepo

Nikisema Mtoni palikuwa na njia ya watu kutembea na kupumzika, wajukuu wananicheka. Wacha wacheke, hawakuwepo. Ilikuwa njia ya vumbi iliyoufuata mto Kizinga, na yale makaravati ya zege, mabomba makubwa ya kupitishia maji chini ya barabara, yaliyotelekezwa na mkandarasi, ndiyo yalikuwa viti vyetu. Watu wa viwanda vya Chang'ombe wakitoka kazini walipitia hapo, wakanywa kahawa, wakapunga upepo, wakaenda zao nyumbani. Baba yangu hakukosa hata siku moja. Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini. Asubuhi alipigana na mpingo uani kwetu, na mgongo ukimkatalia alikwenda kuangalia maji.

Halafu serikali ikaja na neno mzururaji. Asiye na kitambulisho cha kazi anapakiwa kwenye lori, anapelekwa kijijini akalime. Baba alikuwa na patasi na nyundo, kitambulisho hana. Mama alimsihi akae nyumbani. Baba akasema yeye si kuku wa kufungiwa bandani, na upepo hataupungia chooni. Jeuri hiyo nimeirithi yote, wala sijutii.

Basi watu wakabuni. Mmoja alikuja na jembe begani, ili akiulizwa aseme yuko njiani kwenda shamba. Wiki haikuisha, kila mtu ana jembe. Baba lake alilichongea mpini wa mpingo, akausugua kwa msasa mpaka unang'aa, na bapa lake lilikuwa halijawahi kugusa udongo. Mwanzoni tulicheka sana. Kisha watu wakaacha hata kuongea. Wanaume wazima walipita kando ya mto polepole, majembe begani, wanageukageuka, na hakuna anayelima. Zilisikika ndala zao tu. Mie pakaanza kunitisha.

Alasiri moja mama alinituma nikamwite baba, ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, unapoa. Nilikuta njia tupu. Birika la kahawa lilikuwa bado linatoa mvuke, mwenyewe hayupo. Majembe yameegemezwa kwenye makaravati kwa mstari, mipini juu, kama yale mawe na vikapu tulivyoviacha kwenye foleni ya unga vitushikie nafasi. La baba nililiona mara moja. Nikamwita. Sauti yangu iliingia kwenye karavati ikatokea upande wa pili, nzito kuliko ilivyoingia. Nilikimbia mpaka nyumbani, ndala nikaziacha hukohuko.

Muuza ndizi aliyejificha nyuma ya mnazi ndiye aliyetuhadithia. Askari waliwauliza mashamba yao yako wapi. Wengine walibabaika, baba akanyoosha kidole chini akasema, hapahapa. Wakaangalia, nyasi tupu. Wakacheka, wakawaambia wayaegemeze majembe yao na wapande lori.

Enzi zile hata msumari mmoja tuliutafuta mji mzima, lakini majembe yale hayakuibiwa. Watu waliyaogopa. Nikienda kuchota maji asubuhi niliyapita nimeinamisha uso. Siku moja nikaona nyasi za mbele ya jembe la baba zimelimwa. Kesho yake palipolimwa pameongezeka. Jembe lipo palepale, limeegemea kama kawaida, bapa lina tope bichi. Wallahi nilijua baba amekufa huko walikompeleka, na kilichorudi si mtu. Nilipomweleza mama hakushtuka, alinikataza tu kumwambia jirani yeyote. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Alfajiri iliyofuata nikaamka sikumkuta mama ndani. Nikaenda mtoni. Ukungu ulikuwa juu ya maji, na ndani yake koti la baba linainama, linainuka, linainama. Nikajibanza nyuma ya karavati. Koti likageuka, na usoni alikuwa mama.

"Baba yako kasema ana shamba hapa," aliniambia. "Basi liwepo. Njoo ushike matuta."

Tukapanda mchicha, mboga isiyochelewa. Ulipofunika matuta, mama alimwita balozi wetu wa nyumba kumi, akamsimamisha katikati ya shamba, akamwambia mkulima wa shamba hili kachukuliwa kwa makosa. Balozi aliutazama mchicha, akatutazama sisi, kucha zetu zimejaa udongo. Alijua, tena alijua sana. Akaongozana na mama mpaka ofisi ya wilaya kushuhudia.

Baba alirudi baada ya masika, amekonda, shingo imebaki mishipa. Mama alilia mlangoni bila kujificha, na mie nikalia nikamshika mkono nisimwachie. Nilifurahi jamani, nikadhani yamekwisha.

Kesho yake hakugusa patasi. Alasiri alichukua jembe akaenda mtoni, nikamfuata. Alianza kulima. Msako wa askari ulikuwa umepoa, na wenzake waliorudi kabla yake walikuwa kwenye makaravati na kahawa zao, wakamwita aje akae. Akahamia tuta la pili. Siku zikapita, ikawa hivyohivyo kila alasiri, mpaka kinyago alichokiacha uani kikapasuka kwa jua kikiwa hakijapata uso.

Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Baba, pumzika kidogo. Upepo umeanza."

Akasimama. Akatazama njia upande huu, akatazama upande ule. Mto hakuutazama.

"Wapo?" akaniuliza, sauti ndogo.

Nikamwambia hakuna mtu, baba. Akainama, akaendelea kulima.