Aliyemwosha Baba Kichwa

Mchungaji alitaka ukurasa mmoja tu. Marehemu Tokilupe alizaliwa lini, alibatizwa wapi, ameacha nani. Usomwe kanisani kabla ya kwenda makaburini. "Andika wewe, Losaline," aliniambia. "Wewe ndiye msomi wa familia." Nina miaka ishirini na mitatu kazini kama muuguzi, lakini mtu wa kijiji chetu akiniita msomi bado natamani ardhi ipasuke inimeze. Chuo nilikiingia kwa kazi ya mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amelala kwenye jeneza.

Nianze na yeye, maana nafasi yake nimeikalia vya kutosha.

Shangazi Tokilupe alikuwa dada mkubwa wa baba. Mfupi, mpana, na kicheko chake ulikisikia kutoka gatini. Hakuolewa. Aliwahi kuja mwanamume mmoja wa kisiwa cha pili na nguruwe mnene na mikeka ya posa. Shangazi akamzunguka yule nguruwe, akamkagua, akasema, "Mnyama mzuri. Mrudishe nyumbani kabla hajazoea kwetu." Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka, lakini heshima yake ilikuwa wagonjwa. Nyumba yoyote yenye mtu wa kitandani ilimwita, naye akaja na beseni lake la bati lililobanduka rangi, taulo, na chupa ya mafuta ya nazi yenye harufu ya maua. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa anageuza wagonjwa ubavu kwa ubavu ili wasitoke vidonda, miaka mingi kabla mimi sijayasoma hayo kitabuni. "Mgonjwa si gunia la viazi vikuu," alikuwa akiwagombeza wenye nyumba. "Usimtupe upande mmoja ukaenda zako."

Kwetu Vava'u, visiwani Tonga, shangazi yuko juu ya baba. Akiingia, mkeka bora unatandikwa kwa ajili yake, na sahani ya kwanza ni yake. Baba yangu, Kepueli, aliyekuwa na sauti ya kuongoza kwaya nzima, alipomwona dada yake mlangoni aliongea kwa kunong'ona kama aliyeko kwenye sala. Na kichwa cha baba, mtoto hakigusi. Hagusi nywele zake, halalii mto wake, hali mabaki ya sahani yake. Sikumbuki kufundishwa jambo hilo. Nililijua kama nilivyojua kutotia mkono kwenye makaa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa baba alipolala na ugonjwa wa figo. Mama alimwosha mwili, shangazi akashika kichwa: kumnyoa, kumchana, kumpangusa ulimi, kumlisha. Mimi nilibeba maji. Nilisimama mlangoni na beseni nikiwa nimebana pumzi, kwa sababu chumba kilinuka, na shangazi alipomaliza kuyatumia maji nililinyakua nikakimbilia nje kwenda kuyamwaga. Hayo ndiyo yote niliyomfanyia baba yangu. Alipokufa nililia sana, na watu wakasema binti huyu alimpenda.

Mwaka uliofuata chuo cha uuguzi kule Nuku'alofa, mji mkuu, kilitangaza nafasi za shahada. Nilizitaka kwa roho yote. Nilijiona tayari nimevaa ile sare nyeupe, nikipita kijijini na saa imening'inia kifuani. Alama zangu zilitosha, tena kwa shida, lakini kwenye fomu kulikuwa na swali moja: Eleza wakati ulipomhudumia mgonjwa kwa mikono yako mwenyewe. Nilikaa siku mbili na karatasi tupu, maana katika maisha yangu sikuwa nimemshika mgonjwa hata kidole.

Siku ya tatu niliandika kwamba nilimnyoa baba yangu na kumwosha kichwa. Niliandika jinsi ya kukunja taulo chini ya shingo, jinsi wembe unavyopita kwenye kipaji bila kuvuta ngozi, na kwamba mafuta yapakwe nyuma ya masikio kwa sababu ngozi ya hapo ndiyo inayochanika mapema. Yote niliyaona nikiwa mlangoni. Niliandika vizuri mpaka nikalia, mjinga mimi, kwa utamu wa maneno yangu mwenyewe.

Aliyesoma fomu yangu alikuwa mwalimu mgeni kutoka ng'ambo. Kwake lile lilikuwa pendo la binti, basi. Mtu wa kwetu angeinua macho akauliza. Na mimi katika hila zangu zote sikufikiria kitu kimoja: kwamba mzee Semisi, mchungaji wetu wa wakati ule, ndiye aliyenidhamini kwa barua, kwa hiyo jibu la chuo lingepitia mikononi mwake.

Lilifika siku ya Jumamosi. Jumapili alinitaka nivae vizuri bila kuniambia sababu. Nilifunga kiunoni, kama tuvaavyo kwetu, mkeka mpya aliousuka shangazi, nikakaa na mama benchi la tatu. Shangazi alikaa benchi la mbele kabisa, pake pa siku zote. Baada ya mahubiri mzee Semisi akakunjua karatasi, meno yote nje.

"Ndugu zangu, kijiji hiki kimepata muuguzi wa shahada!"

Watu wakaitikia kwa shangwe. Mama akanibana mkono. Naye mzee akaanza kusoma, akitafsiri mwenyewe palepale, sentensi baada ya sentensi. "Tunafurahi kumpokea Losaline... Kamati iliguswa zaidi na jinsi alivyomhudumia marehemu baba yake... alivyomnyoa... na kumwosha..." Hapo mwendo ukapungua. "Kichwa."

Kanisa letu lina joto, na saa zote unasikia watu wakijipepea kwa vipepeo vya ukindu. Vilisimama vyote.

Nyuma yangu Siutiti wa kwaya akamwuliza jirani yake, "Alimwosha nini?"

"Kichwa."

"Kichwa cha Kepueli? Huyu?"

Kulikuwa na njia mbili tu, na kila mtu mle ndani alishazihesabu. Ama nimegusa kichwa cha baba yangu, ama nimekidanganya chuo. Mama, aliyekuwepo siku zote zile na akaona kila kitu, aliinamisha uso akatazama magoti yake. Mzee Semisi alivua miwani.

"Losaline, mwanangu," alisema, "hili ni kweli?"

Nikisema si kweli, angelazimika kuwaandikia, kwa kuwa alinidhamini, na nafasi ingekwenda. Nikisema ni kweli, nisingethubutu tena kukanyaga nyumba ya mtu. Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka kwenye ule mkeka mpya.

Shangazi Tokilupe akasimama. Alisimama polepole, akajirekebisha nguo, akawageukia watu.

"Ni kweli," alisema. "Wiki ile mikono yangu ilivimba, wembe ukanishinda. Nikamwita mtoto ashike. Mimi dada mtu ndiye niliyemruhusu, na kama kuna kosa, ni langu. Mchungaji, endelea. Chakula chetu kinaungua huko kwenye tanuri la ardhini."

Watu wakacheka. Walicheka sana, kwa kushukuru kwamba jambo limepata mwenyewe. Vipepeo vikaanza tena.

Nilimfuata nyumbani nikamkuta amechuchumaa kwenye tanuri la shimo, anafukua mawe.

"Shangazi, nilidanganya."

"Nilisikia. Masikio yangu hayaumwi."

"Nitakwenda kumwambia mchungaji."

"Umwambie nini? Kwamba sasa waongo tuko wawili? Shika jani hili, funika magimbi, acha kunililia juu ya chakula." Akanitazama. "Nenda ukasome. Na ukirudi hujui kumgeuza mgonjwa, nitakuchapa mbele ya daktari."

Nilipumua. Nasema wazi kwamba nilipumua, nikala nikashiba, na Alhamisi nikapanda meli. Uongo wenyewe naweza kuutetea kidogo kwa utoto. Ile pumzi siwezi kuitetea.

Krismasi ya kwanza nilirudi likizo nikakuta lile beseni limetundikwa kwenye msumari jikoni, kavu, buibui amefunga ndani yake. Nilimwuliza mama kama shangazi anaumwa.

"Haumwi," mama alisema. "Hawamwiti."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi, Losaline?" Aliendelea kumenya viazi bila kuinua uso. "Wanaogopa. Wanasema aliyeachia kichwa cha mdogo wake kishikwe na mtoto, akiingia kwako ataingia na mkosi gani? Walipougua kwa kina Siutiti walimwita mwingine."

Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, walimtandikia mkeka, walimpa sahani ya kwanza. Ila hawakumwita. Yeye naye hakujitetea. Alisuka mikeka tu, asubuhi mpaka jioni. Miaka ikapita, uzee ukamkunja vidole, na kijiji kikatikisa kichwa: mnaona? Mikono ileile. Nilipohitimu niliwaletea picha yangu nimevaa joho, na ni yeye aliyetafuta nyundo akaitundika. Aliitundika juu ya beseni. Sijui kama alikusudia, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Kila likizo nilipanda meli nikiwa na hotuba kichwani. Jumapili hii nitasimama. Nilifika, nikala, nikalala, nikaimba kwenye kwaya, nikarudi kazini. Miaka ishirini na sita. Watu waliniletea wajukuu zao niwashauri jinsi ya kujaza fomu za chuo, nami niliwashauri.

Mwezi wa pili mwaka huu shangazi alipooza upande mmoja, akaletwa hospitali ya mjini Neiafu, kwenye wodi ninayoisimamia. Siku ya nne nilimtuma muuguzi kijana akamwoshe nywele. Kijana akarudi na maji yaleyale.

"Sista, bibi amenikataa. Anasema anamtaka mwenye cheo."

Nilikwenda. "Shangazi, unajua mimi siwezi. Wewe ni shangazi yangu, kichwa chako siwezi kukigusa."

Alinitazama kwa jicho lile moja zima. "Nakuruhusu," alisema, na maneno yakimtoka upande. "Mimi si nimezoea kuruhusu?"

Nikavuta beseni. Nimeosha vichwa vya watu wasiohesabika: wazee, walevi, maiti. Lakini nilipoweka kiganja chini ya kisogo cha shangazi na kuhisi uzito wake, nilimimina maji kama mwanafunzi, na sabuni ikamwingia jichoni.

"Taratibu, wewe," alisema. "Si uliandika kwamba unajua?"

Alicheka kwa nusu ya mdomo. Mimi nililia, machozi yakidondokea kwenye beseni, na sikuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika kichwa chake. Nikamwambia Jumapili ijayo nitasimama kanisani niseme ukweli wote.

"Ngoja nife kwanza," alisema. "Ukisema nikiwa hai, nitakuwa mzee aliyedanganya ndani ya kanisa. Mungu anajua, tumeshaongea naye. Watu bado nataka wanisalimu." Akafumba jicho. "Na nyuma ya masikio hujakausha."

Alikufa baada ya wiki tatu.

Kwenye msiba wa shangazi, watoto wa ndugu yake wa kiume ndio wa chini kuliko wote. Tunafungwa mikeka mikubwa mikuukuu iliyochanika, tunakaa jikoni kwenye moshi, tunapika, na jeneza hatulisogelei. Nilishukuru. Nilikatwa nywele, nikachochea moto, nikamenya magimbi pamoja na binamu zangu. Ukurasa nilikuwa nimeshampa mchungaji asubuhi. Huyu ni mpya, kijana, amekuja kwetu mwaka juzi. Aliukunja akautia kwenye Biblia bila kuusoma.

Kengele ilipolia niliacha vyungu nikaenda kusimama mlango wa nyuma wa kanisa, na moshi wangu na mkeka wangu wa matambara. Mchungaji alisoma kwa sauti nzuri. Mwaka aliozaliwa. Ubatizo. Mikeka aliyosukia kanisa. Kisha akafika.

"Tokilupe ndiye aliyemnyoa mdogo wake Kepueli na kumwosha kichwa mpaka siku ya mwisho, kwa mikono yake, bila kusaidiwa. Hakumruhusu mtoto yeyote. Losaline hakugusa. Losaline aliandika uongo ili..." Mwendo ukapungua. "...ili apate nafasi chuoni, na shangazi yake akasimama katika kanisa hili akaubeba uongo huo mpaka kufa kwake."

Vipepeo vilisimama. Siutiti, mzee sasa, akageuka, na benchi lake lote likageuka naye, kisha la pili, mpaka kanisa zima likawa linatazama mlango wa nyuma. Mama peke yake hakugeuka. Mchungaji, kijana wa watu, alitazama karatasi, akanitazama mimi, hajui afanye nini.

"Losaline," aliuliza, "hili ni kweli?"

Macho yangu yalikwenda benchi la mbele, kwa mazoea, kungoja mtu asimame. Halafu nikasema mwenyewe, "Ni kweli."