Vidonge Vinavyotaka Tui

Juzi, kwenye dirisha la dawa hapa Malindi, mbele yangu alikuwa mzee wa Sabaki aliyerudiwa na malaria. Vidonge vya kwanza alivimeza siku moja, homa ikashuka, akaviacha, kama tufanyavyo wengi wetu.

"Baba, kila kidonge kina dawa mbili," binti wa dirishani akamwambia. "Moja huua vimelea wengi upesi, ndiyo maana ukajiona umepona. Ya pili huwamaliza waliobaki, polepole, nayo haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Meza siku zote tatu, pamoja na chakula cha mafuta."

Mzee akanyoosha shingo. "Hata wali wa nazi?"

"Hata wali wa nazi."

Akampigia simu mkewe, akaisogeza dirishani kwa mikono miwili. "Mwanangu, hebu yarudie maneno hayo. Huyu ameninyima tui tangu Ramadhani, eti presha."

Binti akayarudia. Mkewe akajibu simuni, "Haya. Siku tatu. Ya nne anarudi kwenye mchicha wa kuchemsha."

Mzee akainamia dirisha, akanong'ona, "Hakuna ya siku saba?"

Sijapata kuona mgonjwa aliyeondoka na dawa kwa furaha vile. Zamu yangu ilipofika, mimi niliyekuja na kikohozi tu, niliuliza kwa adabu kama nacho hakitaki tui.