Shikamoo kwa Mti wa Jette

Zikiwa zimebaki wiki mbili nisimame kanisani kuwa mama wa ubatizo wa binti mchanga wa rafiki yangu, habari zilienea kwaya nzima kwamba ninaabudu mti. Sina mtoto, sina ndugu hata mmoja huku Brussels. Ule ubatizo nilikuwa nimeutamani mpaka nimeshashonesha gauni.

Nieleze ilivyokuwa, kwa sababu kosa lilianza kwa adabu. Ninafanya kazi jikoni katika hospitali moja ya mtaa wa Jette, kupanga trei za wagonjwa. Njia ya kutoka kituo cha tramu inapita bustanini, na katikati ya bustani kuna mti mmoja mzee kuliko majengo yote yanayouzunguka. Mimi ni wa Songea. Kwetu humpiti mzee kimya kimya ukaenda zako. Unatoa shikamoo, anakuitikia marahaba, siku inaanza. Hapa nilikaa miaka shikamoo imenikaa kooni. Wazungu hawaijui, na Waswahili wengi ninaokutana nao ni wa Kongo na Burundi. Wao wanasema bonjour maman, basi. Asubuhi moja, nimechelewa na nimenuna, nikautupia mti shikamoo. Jamani, nikasikia raha! Kesho yake nikarudia. Baada ya miezi michache nikawa naweka paji la uso kwenye gome na kuusimulia umbea wa jikoni.

Mwenzangu wa kazi, mama wa Kibelgiji mwenye pete kila kidole, akanikuta hapo. Hakucheka. Alifurahi sana, akaniambia kumbe mimi ni mpagani kama yeye, ila sijajijua tu. Yeye na wenzake wanafuata dini inayoitwa Wicca, wachawi wema wa Kizungu wanaosherehekea mwezi na majira ya mwaka. Akanihoji. Je, nahisi miti ina uhai? Je, natulia zaidi penye majani kuliko ndani ya nyumba? Je, majira yakibadilika nayasikia mwilini? Nikajibu ndiyo, ndiyo, na ndiyo, hasa ule mwezi wa Novemba, magoti hayalali. Nikafaulu bila hata kusoma.

Hapo ndipo ningemwambia kwamba mimi ni Mkatoliki, naimba sauti ya pili kila Jumapili. Lakini aliniita mlinzi wa hekima ya kale ya Afrika, na mimi sifa zinanilevya upesi. Ukweli nimekulia nyuma ya stendi ya mabasi, na mti pekee niliouzoea ni ule tuliofungia kamba ya kuanikia nguo. Basi nikaenda kwenye mkutano wao msituni, mchana kweupe, nimejifunga khanga ili nionekane mlinzi kweli. Tukasimama duara, katikati wameweka mkate. Wakaniomba nibariki kwa lugha yangu. Akili ikaganda. Nikafumba macho nikawasalia sala ya kabla ya kula, yote, mpaka ishara ya msalaba. Mama mmoja alilia. Nilirudi nyumbani bila kujua kama nimekuwa mpagani au nimebariki tu mkate wao wa zabibu.

Wiki iliyofuata, mwanakwaya mwenzetu anayefanya usafi hospitalini aliniona kutoka dirishani nimelaza paji langu kwenye mti. Hata Jumapili haikufika, kila mtu alikuwa anajua.

Rafiki yangu mwenye huyo mtoto, mwanamke wa Bujumbura anayeishi mtaa wa Anderlecht na mama yake mzazi, hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe, akanisubiri chini ya ule mti mpaka nilipotoka kazini. Nikaanza utetezi niliokuwa nimeukariri: Mungu ndiye aliyeumba mti, kusalimia si kuabudu, shikamoo si sala, ni heshima kwa wazee, na Brussels nzima sina mzee wa kumpa. Nilisema mengi. Yeye akauangalia mti kutoka chini mpaka juu.

"Bon," akasema. "Na huu muti, unakuitikiaka?"

Nikakiri kwamba haujawahi.

"Mwaka muzima unasalimia muti wenye haukujibu. Mama yangu anashinda pale dirishani kila siku, anauliza rafiki yako iko wapi. Tangu Pasaka haukukanyaga kwangu. Mungu hatakasirika juu ya muti. Ni mimi nimekasirika."

Aibu ilinishika nikatamani nijifiche nyuma ya huo huo mti. Nikauliza, kwa sauti ya mwanafunzi mtoro, kama bado nitamsimamia mtoto. Akasema nianze na bibi yake, mengine tutayaongea baadaye.

Tukapanda metro mpaka Anderlecht. Bibi alikuwa palepale dirishani, blanketi magotini. Nikapiga goti, nikasema shikamoo. Hakujua kwamba inaitikiwa marahaba, kwao haipo. Alinishika mikono yote miwili, akanivuta karibu, akaniuliza nilipotelea wapi.

Mti haukuwahi kuniuliza hivyo. Nikavuta kiti, nikaketi naye pale dirishani.