Shangazi Mshika Sauti

Siku ya kwanza mtunza ukumbi alipomtia machoni, mama yule alikuwa na futi ya fundi cherehani shingoni. Basi akajua ndiye fundi wa mapazia aliyeahidiwa na ofisi ya chuo tangu mwaka juzi. Hakumuuliza kitu, maana kuuliza watu kulikuwa kunampa taabu. Alikwenda stoo akaleta ngazi, akaiegemeza karibu na jukwaa, akaishika kwa mikono miwili.

"Pima hili la kulia tu, dada," alisema. "La kushoto ni sawasawa nalo. Niliyatundika mwenyewe."

Mama akaitazama ngazi, akamtazama yeye, akapanda. Akapima pazia toka juu mpaka chini, akaandika kiganjani, akashuka taratibu. Ndipo akasema, "Samahani kaka, mimi nimekuja kujaribiwa kuimba."

Mtunza ukumbi alitamani ardhi immeze. "Sasa mbona umepanda?"

"Ulikuwa umeshaishika ngazi."

Huyo ndiye ambaye baadaye wanachuo walimwita Shangazi. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alishona sare za shule mpaka wadogo zake wanne wakasoma wakaajiriwa, ndipo naye akajiandikisha chuo cha ualimu. Wenzake katika kikundi cha jazi walikuwa kumi na mmoja, na wote angeweza kuwazaa. Kila mmoja alikuwa na maikrofoni yake na sauti yake, na pengine maneno yalikwisha kabisa wakaimba kama tarumbeta.

Shangazi aliimba sauti ya katikati, ile ambayo mtu hatoki nayo ukumbini akiipiga mluzi. Lakini mwalimu wa muziki, mtu mwembamba asiyecheka mazoezini, alimpa kazi nzito kuliko zote. Katika wimbo wao mkubwa kinanda kilinyamaza dakika mbili nzima, wakabaki wenyewe, kisha kikarudi. Kama sauti zimeshuka hata kidogo, kinanda kikirudi kinawaumbua mbele ya watu. Kwa hiyo lazima awepo mmoja asiyeyumba, wengine wajipime kwake. Huyo ndiye mshika sauti.

Mambo haya mtunza ukumbi, aliyeishia darasa la saba, aliyajua kwa kukaa kiti cha nyuma na kitambaa chake cha kufutia vumbi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemweka pale.

"Kaka, ukinisikia mimi peke yangu, nyanyua kitambaa. Ujue nimeharibu."

Miaka miwili alikinyanyua mara tatu tu.

Aibu iliwapata siku ya wazazi. Mwalimu aliimba nao, na kinanda kiliponyamaza akaanza kushuka. Wanafunzi wakamfuata, na Shangazi naye akamfuata. Kinanda kiliporudi, wazazi walikunja nyuso kama watu waliobanwa vidole na mlango.

"Shangazi, hukusikia kwamba nashuka?" mwalimu aliuliza baadaye.

"Nilisikia, mwalimu."

"Mbona ulinifuata?"

"Mimi nimelelewa hivyo. Mkubwa akikosea mbele za watu, unakosea naye, halafu unamwambia nyumbani."

Wanafunzi walishika mbavu. Mwalimu hakucheka. "Mwezi ujao wanakuja waimbaji watatu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Na hao utakosea nao? Ukishuka tena, nafasi hiyo nampa mwingine."

Shangazi aliinama akaokota begi lake. Mtunza ukumbi alimwonea huruma, kwa sababu na yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema ndiyo.

Jumamosi ya wageni, alasiri, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wageni walikuwa kina mama wawili na mzee mmoja, ambaye mtunza ukumbi aliwahi kuisikiliza kanda yake mpaka ikakatika. Walianza vizuri. Kinanda kikanyamaza. Mzee, ambaye safari ilikuwa imemchosha, akaanza kuteremka, pole pole, kama mtu anayeshuka ngazi huku anazungumza. Wale kina mama wakateremka naye. Wanafunzi wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Mkono wa mwalimu ukawa unawapandisha, hawapandi.

Hapo mtunza ukumbi akasikia sauti moja imebaki juu peke yake, inakwaruzana na zote. Ilikuwa ya Shangazi. Kama alivyoagizwa, mkono ukanyanyuka na kitambaa. Ulipofika nusu, akaelewa. Akakishusha, akakikalia.

"Huyo mama amepotea," alisema bwana mmoja mbele yake.

"Hajapotea," alijibu mtunza ukumbi, mtu ambaye hakuwahi kumbishia mgeni. "Subiri."

Shangazi alikuwa anatoka jasho, macho kayakaza kiti cha nyuma. Mzee akageuza shingo. Akanyamaza kidogo, akisikiliza, kisha akapanda mpaka alipo yule mama, na kundi zima likapanda nyuma yake. Kinanda kikarudi. Kikawakuta mahali pale pale kilipowaacha.

Watu walisimama. Mzee alimshika Shangazi mkono, akamleta mbele, akasema kwenye maikrofoni, "Huyu kanirudisha njiani."

"Nisamehe, baba," Shangazi akajibu, na ukumbi mzima ukasikia. "Ningekwambia nyumbani, lakini kwako sikujui."

Mzee alicheka mpaka akajishika kiuno. Hata mwalimu alicheka. Mtunza ukumbi yeye alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa cha vumbi, na alipotoka nje alikuwa na michirizi ya vumbi hadi kwenye masikio, kichwa juu, anawaambia watu asiowajua, "Yule mama wa katikati nilimshikia ngazi siku aliyokuja."

Mpaka leo wanachuo wapya huonyeshwa mahali alipokuwa akisimama, na mwenye kuwaonyesha ni yule yule aliyekuwa haongei.

Shangazi alipangiwa shule ya mbali. Asubuhi ya kuondoka alipitia ukumbini kuaga, begi begani, futi shingoni. Walipeana mikono. Shangazi alifika mlangoni, akasimama, akageuka kulitazama jukwaa.

"Kaka," alisema, "pazia la kushoto ni fupi, vidole vinne vizima. Niliona siku ile ile."