Niliosha Yidaki ya Watu

Nimekosa, jamani. Tena nimekosa nikiwa na ndoo, brashi na moyo mweupe kabisa!

Mimi ni Mtanzania, naishi ughaibuni, mji wa Sundbyberg, kazi yangu ni usafi hospitalini. Mwenzangu wa kazini, nitamwita Ray, ni mwenyeji asilia wa kaskazini mwa Australia. Aliposafiri wiki mbili aliniachia yidaki yake. Ni gogo refu la mkaratusi lenye uwazi ndani, ukilipuliza linaunguruma mpaka kifua kinatetemeka. Mjomba wake ndiye aliyelichonga na kulichora kwa udongo wa rangi, na alikuwa anakuja kulipuliza kwenye harusi ya Ray.

Siku ya pili nikaliinamisha, ukamwagika unga wa mbao. Kuchungulia ndani, njia za mchwa! Mtu wa Tabora akiona mchwa haulizi maswali. Walishakula mlango wa bibi yangu ukabaki rangi tupu.

Basi nikajiandikia zamu ya tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo letu. Maji ya moto, sabuni, brashi. Mdomoni pana nta, nikadhani ni uchafu ulioganda, nikaibandua. Na nilikuwa naimba! Kuja kutazama chini, maji mekundu, michoro yote imekwenda na povu.

Ningeishia hapo. Wapi! Nikanunua rangi nifiche aibu. Ile mistari yao ikanishinda, nikachora ninachokiweza, twiga.

Ray aliporudi alilitazama weee, kisha akauliza huyu ni nani. Nikasema ni twiga. Akakaa, akanieleza taratibu kwamba mchwa ndio waliotoboa uwazi ule, bila wao hakuna ala. Nta ni ya kuegemeza midomo ya mpulizaji. Na michoro ni ya ukoo wa mjomba, hata yeye Ray hana ruhusa ya kuichora. Hapo nililia kama mtoto.

Tukampigia mjomba kwa video. Kwa hofu nikamtupia shikamoo ya Kiswahili! Mzee alimwona twiga, akacheka mpaka simu ikamponyoka. Halafu akatulia.

"Nitalichora upya, lakini si kwa haraka ya harusi," alisema. "Siku hiyo halitapulizwa. Na wageni wakiuliza kwa nini, utawajibu wewe."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nimejibu mlangoni, nimejibu kwenye foleni ya keki, bibi yake bi harusi kaniuliza mara mbili. Mjomba alikuwa nyuma yangu na kiti chake, kila nikimaliza ananiambia nirudie ya twiga. Watu wamecheka, na mimi nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Ila muda wa yidaki ulipofika, Ray aliinamisha kichwa, ukumbi ukanyamaza. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndugu zangu, ukiachiwa kitu cha watu, kitunze na vumbi lake. Ukiona uchafu, mpigie mwenyewe kwanza. Mimi simu nilikuwa nayo mfukoni, na rafiki yangu kaoa bila kusikia pumzi ya mjomba wake.