Ufagio Nyuma ya Nyumba

Sisi watu wa Ifakara tumezoea kuyakimbia maji, si kuyatafuta. Ndiyo maana mwaka ule wa hamsini na kitu, mvua zilipogoma, hakuna aliyejua la kufanya. Visima vya mtaani vilitoa tope, kisha havikutoa kitu. Tukawa tunafukua mchanga kwenye kijito kilichokauka, tunasubiri maji yajikusanye, tunachota kwa kata.

Mimi nilikuwa na jambo langu moja tu: mchungwa nyuma ya nyumba. Chini yake alilala mwanangu wa kwanza, aliyekufa siku ileile aliyozaliwa, kabla ya kubatizwa. Hakuzikwa makaburi ya misheni, hakuwekewa msalaba, hakupewa jina. Mchungwa ndio ulikuwa alama yake, nao ulikuwa haujanifika hata kiunoni.

Niliunywesha maji niliyooshea mchele, niliyooshea vyombo, hata niliyonawia uso. Majani yakazidi kujikunja. Na kila asubuhi nilifagia pale mpaka udongo ukang'aa, maana kwetu mke hupimwa kwa uwanja wake, na nilitaka mwanangu alale mahali safi. Mama mkwe alinisifu kwa majirani. Nilivimba kichwa, nasema kweli.

Jirani yetu, mjane aliyehamia kutoka upande wa Mahenge, hakuwa akifagia. Chini ya milimau yake kulijaa majani makavu na pumba za mpunga, nasi tulimcheka kwamba kwake huingii bila panga. Ila milimau yake ilikuwa ya kijani. Siku moja nilimeza aibu, nikaenda kumpa shikamoo na kumuuliza anapata wapi maji.

“Maji sina, mwanangu,” alisema. “Wewe ardhi unaivua nguo kila asubuhi, halafu unashangaa inakauka.”

Nilirudi nikilia. Kumbe adui alikuwa ufagio wangu mwenyewe. Jioni ile nilibeba pumba zote zilizokuwa kando ya kinu, nikaufunika udongo wa mchungwa. Mama mkwe sikumwambia, nikiogopa kuonekana mchafu.

Kesho yake niliporudi kutoka kijitoni, uwanja ulikuwa unang'aa. Mama mkwe aliniona nimechoka, akanionea huruma, akanifagilia hadi nyuma. Pumba alikuwa amezichoma.

“Leo pumzika, mama,” aliniambia.

Nilikaa chini pale pale na ndoo yangu ya tope. Nilikwenda kuomba pumba nyingine kwa mjane, nikafunika tena, lakini wiki ile majani yote yalidondoka.

Masika yalikuja na mafuriko yetu ya kawaida, yakakizoa kile kijiti kikavu na kuusawazisha udongo. Nilipekua kwa mikono, sikupata hata mzizi. Tangu hapo sijafagia nyuma ya nyumba. Wapitao huniita mchafu, nami siwabishii. Sijui mwanangu yuko upande gani, basi naacha majani yafunike kote.